Kibuyu chirizi cha mama na ujumbe wa herufi 160

Machi 2020, siku chache baada ya Wizara ya Afya kutangaza kuwa mgonjwa wa kwanza wa corona nchini amepatikana Arusha, simu ya mama yangu kijijini, wilayani Chamwino, ilianza kupokea jumbe za kujikinga. Simu yenyewe ni kitochi kinachochajiwa dukani kwa mwenye sola, na kwa kuwa macho ya mama hayaoni tena maandishi madogo, msomaji wake ni mjukuu, ambaye wakati huo alikuwa darasa la tano na yuko nyumbani kutwa kwa sababu shule zilikuwa zimefungwa. Mjukuu alisoma kwa sauti ya darasani kwamba watu wanawe mikono mara kwa mara kwa maji tiririka na sabuni. Mama, aliyekuwa ndiyo kwanza amemlipa mwenye punda kwa madumu mawili ya maji, alimjibu: "Waambie basi watume na maji."

Nilicheka niliposimuliwa, kisha nikaona aibu kidogo, kwa maana mimi ni katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa hapa Nkuhungu, Dodoma mjini, na wiki hiyohiyo nilikuwa nimewatumia wanachama maneno yaleyale, neno kwa neno, chini ya kikumbusho cha hisa. Hakuna hata mmoja aliyejibu. Tulipokutana Jumapili niligundua kwamba wengi hawakuusoma ujumbe wangu hadi mwisho, na sikuweza kuwalaumu, kwa sababu ukifungua kisanduku cha ujumbe cha Mtanzania wa kawaida utakuta tapeli anayesema ile hela itume kwenye namba hii, mganga anayerudisha mume aliyepotea, bahati nasibu, na mkopo wa simu unaodaiwa. Ushauri wa afya unaotoka kwa namba isiyo na sura unapanga foleni moja na hao wote.

Tangu hapo nimekuwa nikisoma habari za jumbe za afya zilizofanikiwa, na ninaoupenda zaidi ni utafiti uliofanyika Kenya na kuchapishwa mwaka 2010, uliohusu watu 538 walioanza kutumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Nusu yao walipata kila wiki ujumbe wa neno moja tu, "Mambo?", nao walitakiwa kujibu ndani ya saa 48, ama "Sawa" ama "Shida"; aliyesema ana shida, au aliyenyamaza, alipigiwa simu na mhudumu wa afya. Katika kundi hilo asilimia 62 walieleza kuwa wanameza dawa inavyotakiwa, ilhali katika kundi lisilopata ujumbe walikuwa asilimia 50. Ujumbe ule haukutaja dawa wala haukumwamuru mtu lolote, ila mpokeaji alijua kwamba akijibu, kuna mtu atakayesikia. Kwa maoni yangu hapo ndipo kampeni nyingi za wakati wa corona zilipopungukiwa, kwani jumbe zilizotufikia hazikuwa na mahali pa kurudisha jibu, na mtu aliyekuwa na swali alibaki nalo mpaka jirani alipomletea uvumi.

Nilibadilisha uandishi wangu. Kwanza nilijifunza kuhesabu herufi, maana ujumbe mmoja hubeba 160, na ukizidi hapo hukatwa vipande vya herufi 153 kila kimoja, ambavyo kwenye baadhi ya simu za wazee wetu viliwahi kufika cha pili kikiwa mbele ya cha kwanza, nikaonekana nimewaamuru wavue barakoa. Nikaanza na "Mbukwenyi", salamu yetu Wagogo, kwa sababu kumwandikia mama wa miaka sabini "Mambo?" ni utovu wa adabu hata kama sayansi imelithibitisha neno hilo. Nikaweka jina langu mwisho. Na badala ya kurudia wito wa kunawa mara kwa mara, niliandika jambo moja ambalo mtu anaweza kulifanya siku hiyohiyo: toboa dumu la lita tano, lining'inize kwa kamba, funga kijiti cha kukanyagia, sabuni itundikwe pembeni. Hicho ndicho kibuyu chirizi, nacho hutoa maji kidogo kidogo, na kwa mtu anayenunua maji kwa dumu hoja hiyo inashinda takwimu zote za dunia.

Mwaka huohuo wa 2020, huko India, watu milioni 25 wa jimbo la West Bengal walitumiwa ujumbe wenye kiungo cha video ambamo Abhijit Banerjee, mchumi wa huko mwenye Tuzo ya Nobel, alizungumza nao juu ya kujikinga, na watafiti wakaona kwamba hata wasioupokea katika jamii zilezile walibadilika karibu sawa na waliopokea. Kwangu hilo halikuwa la kushangaza, kwa sababu ujumbe wa mama yangu husomwa kwa sauti uani, na wanaochambua mlenda pale huwa wanne au watano.

Mama naye nilimwekea utaratibu wake. Kila Jumatatu namwandikia "Shikamoo mama, mko salama?" na mjukuu anajibu "Salama" au "Shida". Kwa wiki nyingi ilikuwa salama tupu, hadi Jumatatu moja ikaja "Shida", nikapiga simu moyo ukinidunda, nikiwa tayari nimekwisha kufikiria homa, kikohozi na gari la kukodi la kumleta mjini. Mama alipokea mwenyewe, akaniambia kwa hasira kwamba mbuzi wa jirani wamekula kamba ya kibuyu chirizi. Jumamosi nilipanda basi na mita mbili za kamba ya nailoni mfukoni.