Handaki la tembo hushindwa penye pengo

Tembo haruki. Kazi yote ya kuchimba mahandaki kwenye mipaka ya hifadhi za Kibale na Queen Elizabeth, nchini Uganda, imesimama juu ya hilo: hawezi kuinua miguu yote minne kwa mpigo, kwa hiyo shimo lisilovukika kwa hatua moja humrudisha porini. Vipimo vya kawaida ni mita 2 upana, mita 2 kina. Kila mita moja ya urefu hutoa mita 4 za ujazo za udongo; kilomita moja, 4,000. Wape wanakijiji sururu na chepe wachimbe kwa kujitolea, na usishangae sehemu za mwisho zikiishia kiunoni.

Udongo utupwe upande wa shamba, ili ukingo huo uwe juu zaidi, lakini uachwe hatua moja kutoka mdomo wa handaki. Ukirundikwa pembeni kabisa, mvua za Machi huurudisha wote shimoni. Kuta zisimame wima, maana ukuta uliolala ni ngazi. Na usipande matete kushikilia kingo, kama nilivyowahi kuona yakipendekezwa. Hicho ni chakula cha tembo!

Tembo naye hakai kungoja mvua. Hupiga ukingo kwa miguu ya mbele mpaka udongo uporomoke, kisha hushuka taratibu. Kwa hiyo mkaguzi apite alfajiri, atafute udongo mbichi chini na michirizi ya matope ukutani. Palipobomoka pachimbwe siku hiyohiyo, kwa sababu usiku atarudi palepale.

Ila kinachoshinda mahandaki mengi ni mapengo: bwawa la mafunjo ambamo kuta hazisimami, mwamba, barabara, kijia cha kuteka maji. Kilomita tano nzuri zenye pengo la mita kumi humpeleka tembo moja kwa moja kwa yule mwenye mihogo jirani na pengo. Hapo funga mizinga ya nyuki kwenye nguzo, uiunganishe kwa waya, ili anayeusukuma waya aitikise mizinga. Mizinga iwe na nyuki kweli. Mitupu huzoeleka haraka. Usiku wa baridi nyuki huwa wazito, basi ongeza moshi: kinyesi cha ng'ombe kikavu kilichochanganywa na pilipili kavu iliyosagwa na maji, kikafinyangwa matofali na kukaushwa. Fukiza jioni, upande upepo unakotoka. Upepo ukigeuka, watakaokohoa ni walinzi.

Uzio wa umeme, ambao sasa upo sehemu kadhaa za Queen Elizabeth, unataka nyasi zifyekwe daima, kwani zikigusa waya nguvu hupotelea ardhini. Nyani na nguruwe mwitu? Handaki haliwahusu sana, ulinzi wa shamba unabaki palepale.

Ndama akitumbukia, msimsogelee, mama yake hayuko mbali. Waiteni askari wa hifadhi. Wao hubomoa ukuta wa upande wa porini uwe mteremko, apande mwenyewe. Kisha ukuta huo uchimbwe upya kabla ya giza.