Uchungu wa jentiani ndani ya burboni

Mtu anayechanganya vinywaji nyumbani akikuta koktaili yake imekuwa chungu kupita kiasi, jambo la kwanza analolifikiria ni kuongeza shira. Kwa kinywaji kilichozidi limau dawa hiyo hufaa, kwa sababu uchachu na utamu hukutana ulimini kwa wakati mmoja na kupunguzana. Kwa likeri ya jentiani, yaani pombe iliyotiwa sukari na ladha ya mzizi mchungu wa mmea huo, haifai, na mwisho wake huwa kinywaji kizito chenye utamu mbele na uchungu uleule nyuma. Naipenda mno likeri hii ikiwa pamoja na burboni, wiski ya Marekani ya mahindi, na ninaamini kwamba wengi walioionja mara moja wakaiacha walipewa kipimo kibaya.

Jentiani inayozungumzwa hapa ni ile ya manjano, Gentiana lutea, inayoota kwenye malisho ya milimani katika Alps, Jura na nyanda za juu za Auvergne katikati ya Ufaransa. Ni mmea unaokua polepole sana: yaweza kupita miaka 10 hivi kabla haujatoa maua ya kwanza, na mzizi wake, ambao ndio unaotafutwa, huzama ardhini kiasi kwamba wachimbaji wa Auvergne hutumia uma mrefu wa chuma wanaouita uma wa shetani. Mizizi hukatwakatwa na kuloweshwa kwenye spiriti, yaani pombe kali, ili itoe harufu na uchungu wake, kisha hutiwa sukari. Miongoni mwa chapa za likeri hii, Salers ilianza mwaka 1885, Suze ya Fernand Moureaux ikaingia sokoni mwaka 1889, na Avèze ikafuata mwaka 1929. Mimi hutumia Suze zaidi kwa sababu ndiyo inayopatikana kwa urahisi, na kwa sababu ina harufu ya maganda ya machungwa inayoelewana na pipa la mwaloni.

Uchungu wa mzizi huo unatokana hasa na viambato viwili. Jentiopikrini ndiyo iliyo nyingi, na huhisika hata ikizimuliwa mara 12,000. Amarojentini ipo kidogo mno, lakini huhisika hata sehemu moja ikiwekwa katika sehemu milioni 58 za maji, na kwa ajili hiyo huhesabiwa miongoni mwa vitu vichungu kuliko vyote vinavyopatikana katika maumbile. Aliyewahi kuonja shubiri anaijua tabia ya uchungu wa aina hii: hutanguliwa na ladha nyingine, halafu huingia taratibu na kukaa mdomoni muda mrefu baada ya kumeza. Sukari huja mapema na kuondoka mapema. Kwa hiyo anayeongeza shira anaongeza kwenye sehemu ya mwanzo ya funda, ambayo haikuwa na tatizo, na sehemu ya mwisho inabaki kama ilivyokuwa. Isitoshe, likeri yenyewe tayari ina sukari. Kanuni za Umoja wa Ulaya za mwaka 2019 zinataka likeri kwa kawaida iwe na angalau gramu 100 za sukari kwa lita, ingawa ile iliyotegemea jentiani pekee kwa ladha yake inaruhusiwa kushuka hadi gramu 80.

Hapa ndipo burboni inapoonyesha thamani yake. Sheria ya Marekani inataka itengenezwe kwa nafaka ambazo angalau asilimia 51 ni mahindi, ikae katika mapipa mapya ya mwaloni yaliyochomwa ndani, na isiongezwe rangi wala ladha yoyote. Utamu tunaousikia ndani yake ni wa harufu: vanila, karameli, na kitu kinachokaribia nazi, vyote vikitoka kwenye mti uliochomwa. Harufu hizo hudumu mdomoni karibu sawa na uchungu wa jentiani, na ndiyo maana zinaweza kuusindikiza hadi mwisho, jambo ambalo shira haiwezi. Katika Negroni nyeupe, koktaili ambayo Mwingereza Wayne Collins aliibuni mwaka 2001 kwa pombe ya jini (gin), Suze na Lillet, mvinyo wa Kifaransa uliotiwa ladha, jentiani husimama wazi na hilo ndilo lengo lake. Katika burboni, mwaloni huizunguka.

Lakini si kila burboni inafaa. Iliyokaa kwenye pipa miaka mingi, tuseme 12 na kuendelea, huwa imenyonya tanini nyingi kutoka kwenye mti, na tanini, kama ile ya chai kali, hukausha ulimi. Ukavu huo ukiungana na jentiani, kinywaji huwa kikavu na kikali kwa namna isiyorekebishika. Burboni dhaifu ya asilimia 40 nayo humezwa na likeri. Ninayoitafuta ni yenye maandishi ya Bottled in Bond, daraja lililowekwa na sheria ya mwaka 1897, ambayo lazima iwe imekaa angalau miaka minne na iwe na asilimia 50 za alkoholi. Kwa bei yake sijapata inayoishinda kwa kazi hii.

Kipimo changu ni mililita 60 za burboni, mililita 15 za Suze, mililita 5 za shira ya asali iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji, na matone mawili ya maji ya chumvi. Robo moja ya likeri kwa burboni ndiyo nguzo ya kinywaji hiki. Wengi huanza na vipimo vilivyo sawa kwa sababu wanaifuata Boulevardier, koktaili ambayo mhudumu wa baa Harry MacElhone aliichapisha Paris mwaka 1927 kwa burboni, Campari (likeri chungu nyekundu ya Italia) na vermuti nyekundu (mvinyo uliotiwa viungo) kwa kiasi kilekile, kisha wanaiondoa Campari na kuweka Suze mahali pake. Campari ina utamu na harufu nyingi za kuuvika uchungu wake. Suze haina vazi hilo, na ikiwekwa kwa kiasi kile hutawala glasi nzima.

Chumvi inastahili maelezo, kwa kuwa wengi huishangaa. Paul Breslin na Gary Beauchamp wa Monell, kituo cha utafiti wa ladha na harufu kilichoko Philadelphia, walionyesha mwaka 1997 kwamba sodiamu, ambayo imo katika chumvi, hupunguza uchungu katika mchanganyiko mchungu wenye sukari, na uchungu ukishapungua utamu uliokuwa umefunikwa hujitokeza wenyewe. Nayeyusha gramu 20 za chumvi katika gramu 80 za maji na kuhifadhi kwenye kichupa chenye kitoneshi. Matone mawili hayaleti ladha ya chumvi kabisa. Yakizidi matano, huanza kusikika na kinywaji kimeharibika.

Maji ya barafu ni kiungo, na yapimwe kwa muda wa kukoroga. Nakoroga kwa barafu kubwa na ngumu mpaka glasi iwe baridi sana kwa nje, ambapo kiasi cha robo ya ujazo wa mwisho kinakuwa maji, kisha namimina juu ya bonge moja la barafu. Sionji kabla ya hapo, kwani baridi hupunguza utamu na maji hulegeza vyote, hivyo mchanganyiko wa vuguvugu hausemi kweli juu ya kitakachonywewa. Nikionja, nasubiri kama nusu dakika kabla ya kuamua, maana uchungu wenyewe huchelewa kufika. Ukionekana umezidi, napunguza Suze katika glasi inayofuata na kuiacha shira ilivyo.

Angostura, ile dawa chungu ya matone inayotiwa kwenye koktaili nyingi, naiacha kando. Jentiani imo ndani yake, na imeandikwa kwenye lebo, kwa hiyo anayeidondosha kwa mazoea anaongeza kilekile alichokuwa akikipunguza. Badala yake nakamua ganda la chungwa juu ya glasi ili mafuta yake yatue usoni mwa kinywaji. Kwa Salers, ambayo ladha yake ina udongo zaidi na utamu mdogo, naanza na mililita 10. Kwa Avèze, iliyo tamu zaidi, narudi kwenye 15 na kuiondoa shira ya asali kabisa.