Nilivyobadilisha prosesa iliyokufa kwa kuzidishiwa kasi, Kirumba

Tangu nianze ufundi wa kompyuta hapa Mwanza, prosesa (ile chipu inayofanya hesabu zote za kompyuta) zilizokufa zenyewe nimeziona kwa nadra sana. Pawasaplai, inayogawa umeme, hufa; madabodi, yaani bodi kuu, hufa; hadidiski ndiyo usiseme. Prosesa ikiachwa kwenye kasi yake ya kiwandani, mara nyingi mashine hutupwa wakati prosesa bado ni nzima. Ndiyo maana kijana mmoja mwenye studio ya video Kirumba, jirani na Mwaloni, aliponipigia akasema, "Fundi, nadhani prosesa imekufa," nilimuuliza kwanza kama aliizidishia kasi, yaani kuilazimisha ipite kasi ya kiwandani.

Akanyamaza kidogo. "Ndiyo, kaka. Tangu mwaka jana."

Prosesa yenyewe ilikuwa Ryzen 5 1600 ya kampuni ya AMD, toleo la 2017, yenye viini sita (sehemu zinazofanya kazi kwa pamoja) na kasi ya msingi ya gigahezi 3.2. Ni prosesa nzuri ya kazi, na huyu kijana anaifanyisha kazi kweli: video za kwaya, send-off, harusi, mashine inarenda, yaani inatoa video iliyokamilika, usiku kucha. Alitaka zitoke mapema, akapandisha viini vyote hadi gigahezi 3.9 na volti hadi 1.45. Namwelewa. Ukiwa na wateja watatu wanaosubiri na mwalimu wa kwaya anapiga simu kila asubuhi, kila dakika unayookoa ni pesa.

Lakini hesabu yake haikuwa upande wake. Prosesa hii ikifanya kazi kwa viini vyote, kwa kawaida hukaa karibu na gigahezi 3.4 kwa volti kama 1.2. Umeme inaokula hupanda sambamba na kasi, ila kwa volti hupanda kwa kipeo cha pili. Ukipiga hesabu utaona alipata kasi zaidi kwa kama asilimia 15, akalipia kwa joto lililoongezeka karibu theluthi mbili. Volti kubwa ikikaa pamoja na joto kwa muda mrefu, husukuma atomi za metali kwenye nyaya nyembamba mno zilizo ndani ya prosesa, kidogo kidogo, mpaka njia zinadhoofu. Na dalili alikuwa ameziona: mwanzoni mashine ilitulia vizuri, baadaye ikaanza kuganda katikati ya kurenda, akaongeza volti kidogo ikatulia, ikaanza tena. Prosesa inayodai volti zaidi ili ifanye kazi ileile ya jana imeshaanza kuondoka.

Hata hivyo sikumkubalia kwa maneno tu. Prosesa ni ghali, na kumnunulisha mtu kitu ambacho hakijaharibika ni kumwonea. Nilipoiwasha mashine, feni zilizunguka, skrini ikabaki nyeusi, na ile taa ndogo nyekundu ya madabodi iliyoandikwa CPU ikawaka na kung'ang'ania. Taa hiyo huwa inasingizia pia. Nikachomoa waya wa umeme, nikatoa betri ndogo ya duara ya madabodi, CR2032, na kuiacha nje kwa muda ili mipangilio yote irudi ya kiwandani. Hakuna kitu. Nikabakiza ramu moja, nikaihamisha tundu. Nikabadilisha kadi ya grafiki, nikaweka pawasaplai ya kwangu ninayoiamini. Bado.

Ofisini kwangu, karibu na Makoroboi, ninatunza Ryzen 3 1200 ya zamani kwa kazi hii hii. Inaingia soketi (kikalio cha prosesa kwenye madabodi) ileile ya AM4, na ni ya kizazi kilekile cha 2017, hivyo madabodi yoyote ya soketi hiyo ya wakati ule inaijua. Nilijua ndiyo itakayotoa hukumu. Kwanza lakini ilibidi nitoe ile iliyokufa, na hapo ndipo mafundi wengi wanapoharibu.

Prosesa za AM4 zina pini chini yake, 1,331, nyembamba kuliko sindano ya kushonea. Soketi huzibana kwa pembeni tu, hakuna fremu ya chuma inayoshikilia prosesa kutoka juu. Juu ya prosesa hukaa hitisinki, chuma cha mapezi kinachoondoa joto, na kati yao hupakwa pesti ya kupitisha joto; pesti ikikauka hugandisha hitisinki na prosesa kama kitu kimoja, na ukivuta kwa nguvu prosesa inang'oka na pini zake, nyingine zimepinda. Dawa yake ni kuwasha kompyuta kwanza ipate joto, pesti ilegee. Sasa hii ya kwetu ilikuwa haiwaki. Nikaenda saluni ya jirani, nikamwomba dada draya yake ya nywele, nikapuliza hitisinki kwa subira mpaka ikawa ya moto mkononi. Kisha nikaizungusha kulia, kushoto, kulia, bila kuinua, mpaka nikasikia imeachia. Ikatoka peke yake.

Nilichokikuta kati ya mapezi ya ile hitisinki kilinieleza nusu nyingine ya habari. Anayeishi ufukweni anawajua wale wadudu wadogo wa ziwani wanaopanda kama moshi, hasa siku za mwezi mwandamo, na kuifuata taa yoyote iliyowashwa. Studio ina dirisha linalotazama ziwa na taa zake hazizimwi usiku. Feni ilikuwa imewavuta, wakakauka humo ndani, wakashikamana na vumbi mpaka likawa tabaka la kijivu kama blanketi, hewa haipiti. Ongeza kwamba Ziwa Victoria lenyewe liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa yetu ni nyepesi kidogo kuliko ya Dar, na hewa nyepesi hubeba joto kidogo. Mtu wa pwani anaweza kukupa mipangilio inayomfaa yeye kabisa, ukaiweka hapa ikakuunguza.

Nikaweka ile 1200. Mashine ikawaka mara ya kwanza. Nikaichukua 1600 nikaijaribu kwenye madabodi nyingine, skrini nyeusi ileile. Hapo ndipo nilipompigia kijana nikamwambia sasa anunue.

Kuhusu cha kununua, tulibishana. Yeye alitaka 1600 nyingine iliyotumika, kwa kuwa ndiyo anayoijua. Mimi nilimshauri Ryzen 5 3600 ya 2019: viini sita vilevile, soketi ileile, wati 65 zilezile, lakini kasi ya msingi ni 3.6 na inajipandisha yenyewe hadi 4.2 bila mtu kugusa kitu. Kwa maneno mengine, kile alichokuwa anakitafuta kwa kuitesa ya zamani, hii inakuja nacho kutoka kiwandani. Akakubali. Iliyotumika ilipatikana Kariakoo. Kabla ya kutuma hela nilimtaka muuzaji apige picha ya pini kwa karibu, kutoka pande zote, na video fupi ikiwa inawaka. Ikapandishwa basi, tukaipokea stendi ya Nyegezi ikiwa kwenye kiboksi chake cha plastiki kigumu. Msikubali kabisa prosesa iliyoviringishwa kwenye gazeti.

Kazi iliyonihangaisha ilikuja hapa. Madabodi yake ni ya aina ya B350, ya 2017, na bayosi (programu ya madabodi inayoiamsha kompyuta) iliyokuwa ndani haikuwa imewahi kusikia prosesa za 2019. Ukiweka 3600 moja kwa moja unapata skrini nyeusi, na kwa haraka utadhani umeuziwa mbovu. Lazima bayosi isasishwe kwanza, na ili isasishwe unahitaji prosesa ya zamani iliyo hai. Ile 1200 yangu ikafanya kazi ya pili. Nilisoma jina kamili la madabodi pamoja na namba ya toleo iliyochapishwa kwenye bodi yenyewe, nikapakua faili lake kutoka tovuti ya mtengenezaji na si kwingine, nikakuta wameandika kwamba bayosi ya zamani kiasi hicho ipitie toleo la kati kabla ya kufikia la mwisho. Nikafuata hivyo. Flashi ya kubebea faili hilo nikaifomati kwa mfumo wa FAT32. Na umeme nikaupitisha kwenye UPS yenye betri nzima niliyoipima kwanza, kwa sababu umeme ukikatika bayosi inapoandikwa, madabodi nayo unaizika.

Kuweka prosesa mpya ni kitu cha dakika chache: inua mkono wa soketi, linganisha pembetatu ya dhahabu na alama ya soketi, iache idondoke yenyewe bila kusukuma, shusha mkono. Pesti ya zamani niliifuta kwa spiriti, nikaweka mpya kiasi cha punje ya njegere katikati. Skrubu za hitisinki nilikaza kwa mshazari, kidogo kidogo. Ramu nikazipandisha hadi 3200, ambayo 3600 inaikubali rasmi. Mengine yote nikayaacha yajiendeshe.

Tulirenda wimbo mzima wa kwaya tukiwa tumekaa tunatazama kipimo. Joto lilipanda likasimama kwenye nyuzi sabini na kitu, halikusogea tena, wakati kikomo cha prosesa hii ni 95. Kijana akaniangalia. "Fundi, sasa si tunaweza kuisukuma kidogo? Ina nafasi."

"Dogo, hiyo nafasi ndiyo inayokulisha," nikamwambia. Nikamchorea hesabu ya volti kwenye karatasi, ileile niliyoieleza hapo juu, nikamwongezea kwamba AMD hawalipii dhamana prosesa iliyoharibika kwa kuzidishiwa kasi. Mimi siwapingi wanaozidisha kasi kwa kujifunza au kwa kupenda, nao wana raha yao. Mashine inayolipa kodi ya chumba ni jambo jingine.

Tukahamisha kompyuta kutoka dirishani, tukafunga chandarua laini mbele ya feni ya kuingiza hewa, ambacho anakifua kila wadudu wakipanda. Juzi kanitumia rafiki yake wa Igoma, naye ana 1600 iliyopandishwa vilevile, imeanza kuganda. Hiyo imewahi: nimerudisha volti na kasi za kiwandani, nimesafisha feni, inaendelea na kazi.