Dakika ya kurudi

Wiki hii mawazo yangu yameganda kwenye dakika moja tu ya siku ya mtoto mdogo: ile ambayo mama, baba au bibi anatokea mlangoni kumchukua. Watu huzungumzia asubuhi. Kilio cha asubuhi kinamchoma mzazi, kinamchelewesha kazini, na kila jirani ana ushauri wake juu yake. Jioni haina anayeitazama, ilhali ukitaka kujua mtoto wa mwaka mmoja au miwili yuko vipi na mtu wake, jioni ndiyo inayosema.

Huwa napenda kukumbuka kwamba elimu hii, ya jinsi mtoto anavyoshikamana na anayemlea, ina mizizi Buganda. Mary Ainsworth, mwanasaikolojia aliyekuwa amefanya kazi na daktari wa akili John Bowlby huko London, alifika Uganda mwaka 1954. Yeye na mkalimani wake, Katie Kibuka, walianza kutembelea familia 26 za vijiji vya karibu na Kampala, zenye watoto wachanga 28. Walirudi kila nyumba baada ya wiki mbili hivi, wakakaa kama saa mbili za alasiri, wakati akina mama wamepumzika na sebule iko wazi kwa wageni. Alikusudia kuona kinachompata mtoto anapoachishwa ziwa na kupelekwa kwa bibi yake, kama ilivyokuwa desturi ya zamani. Akakuta familia nyingi zimeshaiacha. Basi akabaki kutazama kilichokuwa mbele yake: mtoto anavyomtumia mama katika sebule yenye watu.

Mtoto anayetambaa anamwacha mama, anakwenda kumchungulia mgeni, anageuka kuhakikisha mama bado yupo, anaendelea. Akishtuka, mbio hadi mapajani. Mama akitoka nje, mchezo unapoa. Akirudi, mtoto anatabasamu, anainua mikono, na baadhi yao walipiga makofi. Ainsworth aliyaandika makofi hayo kwenye orodha yake ya dalili za mtoto aliyeshikamana na mtu. Kumbatio na busu, ambavyo Mmarekani angevitarajia kwanza, hakuvikuta kwa watoto wale. Kila kwao wana namna yao ya kumpokea mtu.

Maelezo ya Bowlby ni kwamba mtoto anazaliwa na msukumo wa kukaa karibu na anayemlinda. Msukumo huo ukitulia, hamu ya kuchunguza inapata nafasi. Ukiwashwa na woga, uchovu au ugonjwa, kuchunguza kunasimama. Ndiyo maana sipendi neno "anadeka" linavyotupwa kwa mtoto wa miezi kumi anayetaka kubebwa. Katika umri huo anajua mtu wake ni nani, anawaogopa wageni, na bado hana lugha ya kuuliza utarudi lini. Akibebwa akatosheka, atashuka mwenyewe.

Baadaye, akiwa Baltimore, Marekani, Ainsworth alipanga jaribio lenye vipande 8, vingi vya dakika 3 kila kimoja: chumba kigeni chenye vitu vya kuchezea, mama na mtoto, mgeni anaingia, mama anatoka, anarudi, anatoka tena, mtoto anabaki peke yake, mgeni anarudi, kisha mama. Mtoto akilia sana, kipande kinakatishwa. Wengi wanaosimuliwa jaribio hili hudhani kinachopimwa ni kilio cha kuachwa. Sivyo. Uzito uko kwenye kurudi. Mtoto aliyelia hadi akakwama pumzi, kisha akamwendea mama, akatulizwa na kurejea kwenye vitu vyake, anahesabiwa kuwa ana imani na mama. Anayetaka kubebwa na papo hapo anasukuma na kurusha mateke, hatulizwi. Na yupo wa tatu, ambaye mama akiingia hata hainui uso, anaendelea na mchezo wake.

Huyu wa tatu ndiye anayeniumiza, kwa sababu kila mtu anamsifu: "Wangu hana shida, hata ukimwacha halii." Mwaka 1977 Alan Sroufe na Everett Waters walionyesha kwa vipimo vya mapigo ya moyo kwamba watoto wa namna hii nao moyo uliwaenda mbio. Uso ulikuwa mtulivu, moyo haukuwa. Ila tuwe waangalifu: yupo pia mtoto asiyelia kwa sababu amepazoea mahali na mlezi anamjua vizuri. Kumtofautisha, angalia mchezo wake. Aliyetulia kweli anajenga, anapanga, anakuonyesha. Anayejikaza anashikashika vitu bila kucheza navyo.

Msijaribu chumba cha Baltimore nyumbani, wala msimtie mtoto wa mtu kwenye kundi kwa kumtazama mara moja. Watafiti waliokwenda kwa Wagusii wa Kenya miaka ya 1970 walikuta watoto wamezoea kupokewa kwa kupeana mkono, basi ilibidi waangalie mkono: mtoto anaunyoosha wote kwa hamu, au anautoa nusu na kuurudisha? Mtu aliyesubiri kumbatio angewaandika watoto wazima kuwa wana kasoro.

Sasa kwa anayempeleka mtoto kituo cha kulelea watoto mchana. Usimwache siku ya kwanza. Utaratibu uliotungwa Berlin miaka ya 1980 unamtaka mzazi akae na mtoto kituoni siku 3, kama saa moja kila siku, bila kumwacha kabisa. Anakaa pembeni, hamsukumi mtoto aende wala hamvuti arudi. Siku ya 4 anaaga na kutoka, si zaidi ya dakika 30, na hakai mbali. Siku hiyo isiwe Jumatatu, kwa kuwa siku mbili za nyumbani zimeshamrudisha nyuma. Mlezi akiweza kumtuliza, muda unaongezwa siku hadi siku. Akishindwa, mzazi anarudi ndani mara moja, na kuachana kunasubiri wiki inayofuata. Vituo vyetu vingi havina nafasi ya kumweka mzazi ndani, najua, lakini hata asubuhi mbili za nusu saa zinabadilisha mambo.

Kosa kubwa ni kutoroka. Mtoto anaonyeshwa kuku uani, mama anapenya mlango wa mbele. Kilio cha siku ile kinapungua kweli, ndiyo maana watu wanaendelea nalo. Gharama inakuja baadaye: mtoto amejifunza kwamba akigeuza macho mtu hupotea, hivyo hageuzi tena macho. Nyumbani anamfuata mama hadi chooni, usiku anaamka kumpapasa. Aga kwa maneno yale yale kila siku, mafupi, "Naenda kazini, nakuja ukishaamka na kunywa uji," kisha nenda. Usimwambie unakwenda dukani. Wala usirudi kwa sababu umesikia sauti. Kuaga mara tatu ni kumchoma mara tatu.

Jioni weka simu mfukoni kabla ya kufika getini. Chuchumaa uwe usawa wa macho yake, usiseme na mlezi kwanza. Akiangua kilio alipokuona, si lazima awe ameteswa. Mara nyingi amebeba siku nzima na sasa amepata pa kuitua. Akikupa mgongo, usimkasirikie wala usimtanie kwamba amekusahau. Kaa hapo hapo, mguse, mpe dakika mbili tatu.

Na kuna kurudi ambako hakuji. Dada wa kazi aliyemlea mtoto mwaka mzima anaondoka alfajiri na begi lake, mtoto amelala, kwa sababu "ataliza nyumba". Mtoto huyu amefiwa kwa namna yake, na hakuna aliyempa pole. Ikiwezekana, dada mpya aje wiki moja kabla, wale wawili wamwogeshe na kumlisha pamoja, wa zamani akianza, mpya akipokea. Siku ya kuondoka iwe mchana, mtoto akiwa macho. Ambebe, amwambie anakwenda kwao, ampungie mkono kutoka barabarani. Amwachie khanga aliyokuwa akimbebea, na isifuliwe mapema.