Siku ya vizibo mia: siku moja maishani mwangu, mwalimu wa hisabati darasa la sita

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Naamka kabla ya jogoo wa jirani, ambaye siku hizi kawa mvivu. Chai ya rangi, muhogo wa jana, na kopo la siagi lenye vizibo vya soda 100. Nimevihesabu mara mbili, maana kikipotea kimoja somo lote limekwenda na maji.

Saa moja na nusu. Mstarini, shikamoo madamu kutoka kila upande. Rejista ina watoto 60, waliofika ni 51. Mwalimu mkuu anataka asilimia, namwandikia 85. Mimi nabaki na 17/20 kichwani. Asilimia 85 inasikika vizuri tu. Ukisema katika kila watoto 20 watatu hawapo, unaanza kuulizia majina.

Saa mbili na nusu. Kipindi chenyewe. Kugeuza asilimia kuwa sehemu hakuna kazi: futa alama, weka 100 chini. 36% ni 36/100, hata mwenye usingizi anaandika. Maksi zinapotelea kwenye kurahisisha. Wengi wanagawanya kwa 2, wanapata 18/50, kalamu chini, kama wamemaliza kulima. Bado kuna 2 nyingine humo: 9/25. Anayeona mapema kwamba KKS (kigawo kikubwa cha shirika, yaani namba kubwa kuliko zote inayozigawanya zote mbili) ya 36 na 100 ni 4 anafika kwa hatua moja. Anayepanda ngazi moja moja sigombani naye, mradi afike.

Nikaandika 27%. Kijana wa dawati la nyuma akaja ubaoni. Ishirini na saba gawanya kwa tatu, tisa. Mia gawanya kwa tatu, thelathini na tatu. Akaandika 9/33, akaendelea mwenyewe hadi 3/11, akanigeukia akisubiri makofi.

"Ile moja iliyobaki kwenye mia umeipeleka wapi?"

"Nimeiacha, madamu."

Nikammiminia vizibo mezani. Gawa mafungu matatu yaliyo sawa. Darasa likatulia, vinasikika vizibo tu. Mafungu yakawa ya 33, na kimoja kikabaki mkononi mwake. Akakiweka fungu la kwanza, akakitoa. Akajaribu la pili, akakitoa tena. Akaniangalia.

Hapo ndipo nikaandika: 100 = 2 × 2 × 5 × 5. Tatu haimo, saba haimo. Kwa hiyo ikiwa asili, namba ya chini, ni 100 na kiasi, namba ya juu, ni namba nzima, jiulize mambo mawili tu: kiasi kinagawanyika kwa 2? Kinagawanyika kwa 5? Kama vyote hapana, basi: 27/100, 33/100 na 49/100 zimeshafika mwisho, usizisumbue.

Binti wa mbele akanyoosha mkono. "Sasa madamu, theluthi ni asilimia ngapi?" Swali hilo nililisubiri tangu asubuhi. Ni 33⅓%, na ile ⅓ ndiyo kizibo cha mwenzenu kikikatwa vipande vitatu. Ukitaka kurudi, andika 33⅓ juu ya 100, zidisha juu na chini kwa 3, unapata 100/300, yaani 1/3. Vivyo hivyo 12½%: zidisha kwa 2, unapata 25/200, rahisisha, 1/8. Bibi zetu wa pwani waliiita thumni bila kushika chaki.

Saa nne. Chai na chapati ofisini. Mwalimu mwenzangu, kijana wa ajira mpya, ameshika hati yake ya mshahara. "Dada, hii hela inaishia wapi?" Tukasoma makato: hifadhi ya jamii 5%, bima ya afya 3%, mkopo wa chuo 15%, chama cha walimu 2%. Namwambia azigeuze sehemu azijumlishe. 1/20, 3/100, 3/20, 1/50. Akahangaika na asili mpaka akazirudisha zote kwenye mia (kuna siku kurahisisha kunakuponza): 25/100.

"Robo," akasema, chapati ikasimama njiani. Na kodi ya mapato hatujaigusa.

Saa sita mpaka saa tisa: vipindi viwili, kikao kirefu cha choo cha wasichana, jua.

Saa kumi na moja jioni. Narudi na daftari 51 kwenye kikapu na kopo la vizibo. Nahesabu, viko 99.

Saa mbili usiku. Nasahihisha. 18/50 zipo kumi na moja, nazipa nusu maksi kwa shingo upande. Daftari la kijana wa nyuma nalikuta karibu na mwisho. Swali la nne, 27%. Ameandika 27/100, na pembeni kwa penseli: "Haigawanyiki kwa 3, kizibo kimoja kinabaki." Sababu hiyo imetimia kuliko anavyojua, kwa kuwa 27 ni 3 × 3 × 3, haina kingine ndani. Nampa vema mbili. Kizibo nitamdai kesho.