Mama mdogo hakuchelewa hospitali

Kila ikifika Oktoba, mwezi wa kuhamasisha kuhusu saratani ya matiti, tunavaa fulana za pinki na kuambiwa kwamba wanawake wa vijijini wanachelewa kwenda hospitali. Maneno hayo yamenichosha. Mama yangu mdogo, mkulima wa alizeti na uwele huko Kongwa, hakuchelewa. Aligusa kitu kigumu kwenye titi la kushoto akiwa anaoga, hakiumi, na wiki hiyo hiyo akaenda kuonwa. Akapewa vidonge vya jipu. Vilipoisha akarudi, akapewa vingine.

Saratani nyingi za titi huanza bila maumivu yoyote, na hapo ndipo watu wanapotulia, mhudumu na mgonjwa. Mimi nilimwambia, "Mama mdogo, njoo mjini." Akaja na basi la asubuhi, na khanga yake moja ya kubadilisha, akijua jioni atarudi.

Dodoma alipigwa ultrasaundi, akachomwa ile sindano nene ya kuchukua kinyama. Niliviona vile vipande: vyembamba kama uzi, vimelala chini ya kichupa cha fomalini, maji ya dawa ya kuhifadhi kinyama, chenye jina lake kwa kalamu ya wino. Kijana wa maabara, Mungu ambariki, alinieleza bila haraka. Kinyama kiingie kwenye fomalini ndani ya saa moja, na kisilowekwe humo zaidi ya siku tatu kabla ya kuandaliwa, la sivyo kipimo cha vipokezi vya homoni, yaani sehemu za seli ya saratani zinazonasa homoni, kinaweza kudanganya. Nilishtuka. Ni vichupa vingapi vinakaa dirishani vikisubiri gari la kuvipeleka kwa daktari wa patholojia, yule anayesoma vipande kwa darubini? Madaktari hao ni wachache, na dawa za kupaka vipande rangi zikiisha, kazi inasimama.

Mvua zikaanza. Uwele ukapandwa, ukapaliliwa, majibu bado.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango wa dunia nzima wa saratani ya matiti, na moja ya malengo yake ni mgonjwa ajue ana nini ndani ya siku 60 tangu alipofika kituoni mara ya kwanza. Siku 60! Mama mdogo alizimaliza akiwa bado anameza vidonge vya jipu. Mwaka 2022 ugonjwa huu uliua wanawake wapatao 670,000 duniani, na sitaki kusikia kwamba wote walikuwa wazembe.

Majibu yalipotoka yalisema ni saratani, na vipokezi vya homoni vipo. Akatolewa titi, akawekewa dripu za dawa za saratani, kisha mionzi Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam. Watu husema sasa kuna treni ya SGR, ile reli mpya ya umeme, safari imekuwa fupi tangu 2024. Ni kweli, na tunashukuru. Lakini mionzi hupigwa siku tano kwa wiki, wiki kadhaa mfululizo. Shida ni pa kulala, chakula, na nani atabaki na mbuzi. Mama mdogo aliniuliza mbuzi kabla ya kuuliza kama atapona.

Leo anameza tamoksifeni, dawa ya kuzuia homoni isinaswe na vile vipokezi, kidonge kila siku, kwa miaka isiyopungua 5. Ni dawa ya zamani na si ya bei ya kutisha, ila haandikiwi mtu ambaye kinyama chake hakijasomwa vizuri. Ndiyo maana nakililia kile kichupa.

Kwa hiyo wewe mwenye mgonjwa, usikae kusubiri kupigiwa simu. Uliza kipande kimepelekwa maabara gani, kimesajiliwa kwa namba ipi, na kama vipokezi vitapimwa. Andika namba hiyo kwenye daftari la kliniki. Kisha piga simu wewe, na ukijibiwa "bado", uliza kimekwama wapi.