Usiku wa kuhesabu mizani za Poe

Usiku ule kule Tanga, kikundi chetu cha wasomaji kilikuwa na kitabu kimoja mezani: hadithi za kutisha na mashairi ya Edgar Allan Poe, mwandishi wa Marekani. Tulianza na "The Tell-Tale Heart" ya 1843, hadithi yenye mtego kwa anayeisoma kwa sauti. Msimulizi anaapa kwamba hana wazimu, na msomaji mwenye pupa hupaza sauti tangu sentensi ya kwanza. Akifika kwenye moyo unaodunda chini ya mbao za sakafu, hana tena pa kupandia. Msomaji wetu alianza kwa utulivu wa fundi anayeeleza jinsi ya kufungua kufuli. Pale muuaji anapotumia saa nzima kupenyeza kichwa mlangoni, alivuta maneno mpaka vikombe vya chai vikasahaulika.

Likafuata shairi lake "The Raven", yaani Kunguru. Mzee mmoja, mtunzi wa mashairi ya jadi, aliweka vidole mezani akawa anahesabu. Kila baada ya silabi nane anagonga meza.

"Mwanangu, hebu rudia hapo."

Nikarudia: "Once upon a midnight dreary, while I pondered, weak and weary." Mizani, yaani silabi, 16, nane kwa nane, na dreary ikipatana na weary, kina cha kati na cha mwisho. Ukwapi na utao kamili, vile vipande viwili vya mshororo, katika shairi lililochapishwa gazetini New York, Januari 1845!

Ulinganifu huo ulimponza kijana aliyetaka kulighani. Ubeti una mishororo 6, lakini inayotimiza 16 ni wa kwanza na wa tatu tu. Wa pili, wa nne na wa tano ina 15, na wa mwisho 7. Yeye alirefusha silabi ya mwisho ili kuziba pengo, shairi likachangamka, majonzi yakatoka. Pengo lile liachwe kimya. Na "Nevermore" ("kamwe tena"), jibu la kunguru, haisikiki kabla ya ubeti wa 8, kati ya 18. Anayekitilia mkazo kituo, mshororo wa mwisho, tangu ubeti wa kwanza anakuwa amekichosha kabla kunguru hajatamka neno.

Katika insha ya 1846, Poe anadai alianza kutunga shairi hili na ubeti wa tatu kutoka mwisho. Mimi insha ile naisoma kwa shaka, imenyooka mno. Mzee aliikubali papo hapo: hata yeye hutunga kibwagizo kwanza, kisha anatafuta beti za kukifikia.